Nguzo ya Sita

Zuhura aliponipigia simu nilidhani anataka kitu. Nina umri wa kutosha kujua kwamba mtu usiyemjua akikuita mama mara tatu kabla hujamjibu, kuna jambo linakuja nyuma. Alisema yeye ni binti wa Salim wa Bondeni, yule fundi wa vyuma, kwamba baba yake alikuwa amefariki, kwamba Jumamosi wanamsomea arobaini, na kwamba wangefurahi nikifika. Nikamuuliza namba yangu ameitoa wapi. Akasema Nakuru si kubwa. Nikamuuliza ni nani mwingine wa karakana ya zamani amealikwa. Akasema, "Ni wewe tu, mama." Nilibaki na simu mkononi mpaka chai ikapoa, na kabla jua halijatua nilikuwa nimeshapata sababu nane za kutokwenda: magoti, mvua, kanisa, mjukuu, na kadhalika. Sababu yenyewe haikuwemo kati ya hizo nane. Naiandika hapa kwa sababu nimekaa nayo zaidi ya miaka hamsini na sijapata kumwambia mtu, hata mume wangu, Mungu amlaze pema, ambaye nilimwambia mambo mabaya kuliko hilo.

Sitaanza na baba na mama, wala na viazi vya Dundori nilikotoka. Naanza na chumba. Kilikuwa juu ya karakana, ng'ambo ya reli, na ulikifikia kwa ngazi ya chuma iliyotikisika kila ukikanyaga, kwa hiyo hakuna aliyeweza kupanda bila mimi kujua. Ndani mlikuwa na meza mbili zilizoinama, stuli ndefu, dirisha lililotazama ua, na harufu ya ile dawa ya kutolea nakala, harufu inayochoma pua kama zizi la mbuzi lililofungwa wiki nzima. Kazi yangu ilikuwa kunakili. Injinia alichora kwa penseli kwenye karatasi. Mimi nilitandaza juu yake kitambaa kile cha kuchorea, kigumu, chepesi, kinachoonyesha chini, nikakisugua na unga wa chaki ili wino ushike, halafu nikafuata kila mstari wake kwa kalamu. Kutoka kwenye kitambaa changu zilitolewa nakala za mafundi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanamke pekee kwenye ile karakana ukimwacha mke wa mwenye karakana, na mwandiko wangu wa herufi kubwa ulikuwa mzuri. Nasema hivyo bila aibu. Ulikuwa mzuri sana.

Mbao za sakafu zilikuwa zimeachana. Kila kilichosemwa chini kilipanda kwangu pamoja na moshi wa kuchomelea, na kama kuna kitu kilichonifundisha kushuku watu, ni zile nyufa. Mwenye karakana alikuwa Kalasinga mmoja, Gurdev, lakini sote tulimwita Mistri. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ndugu zake wengi walikuwa wakifunga masanduku kwenda Uingereza, na kila gari la serikali likisimama mlangoni aliamini limekuja kumnyang'anya leseni. Mafundi nao waliamini kwamba ataondoka siku moja bila kuwaaga. Ijumaa mke wake alituletea chapati na dengu kwenye sufuria kubwa iliyofungwa kitambaa, chakula kitamu kweli, na mafundi walikula wakiulizana kwa sauti ya chini, "Leo anataka nini huyu?" Mistri alikuwa na kasha la bolti lenye kufuli, na ufunguo aliutundika kiunoni. Alitoa bolti za kiungo kimoja kimoja, kwa sababu bolti zake zilikuwa na tabia ya kupotea na kuonekana baadaye kwenye majembe ya trekta huko Rongai. Kulikuwa na sheria moja juu ya zote: fundi hasahihishi ramani. Fundi afuate. Ramani ikiwa na kosa, aliyeichora ndiye anayeondoka. Kijana aliyekalia stuli yangu kabla yangu alifukuzwa kwa tundu moja la bolti lililokaa pasipo pake, na mimi nililiona jina lake limechongwa kwenye mguu wa meza kila siku niliyofika kazini.

Bwana Salim alikuwa fundi wa kufunga viungo. Mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Watu wake walikuja bara zamani kutoka Pwani, na alisema Kiswahili kile cha kwao, kimekamilika, hata akiomba spana. Sisi wengine tulikuwa tunakivunjavunja tu. Nilikuwa namshuku kwa hilo. Nilidhani anajionyesha. Chakula chake alikibeba kwenye bakuli la bati lenye kifuniko, mikate ya mke wake iliyonukia iliki, na kila mara alinikatia kipande, nami kila mara nilijiuliza kwa nini.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa ghala la Rongai. Mlowezi mmoja alilijenga, akaliuza akaondoka: nguzo za chuma kumi upande wa barabara, boriti za chuma juu yake, na orofa mbili za mbao. Chini malori yaliingia kupakia mahindi. Orofa ya kwanza ilikuwa ya magunia. Kwenye ya pili waliketi akina mama, ishirini na kitu, wakichambua maharagwe kutwa nzima, wengine na watoto mgongoni. Lango la malori lilikuwa kati ya nguzo ya tano na ya sita, na madereva, hasa wakirudi nyuma, walikuwa wameshazigonga zote mbili. Ndipo wenye ghala wakamleta Injinia Chumo. Alikuwa kijana aliyerudi juzijuzi kutoka masomoni, suruali yake imenyooka hata vumbini, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuamini jengo lolote. Ulaya alikuwa ameona jinsi nyumba inavyoweza kupoteza kipande kidogo pembeni, halafu cha juu kikaangukia cha chini, na hicho kikaangukia kilicho chini yake, mpaka upande mzima ukawa kifusi kwa sababu ya kipande kile kimoja.

Mistri hakumpenda. Nilimsikia kupitia mbao. "Injinia, hii nyumba imesimama miaka mingi. Wewe unataka nini na yeye?"

"Nataka ikipoteza mguu isilale chini, Mistri."

"Hakuna nyumba inapoteza mguu. Sema tu kama hii kazi unataka kupatia watu yako."

"Na wewe sema kama pleti za chuma utanunua nyembamba."

Hivyo ndivyo walivyosalimiana.

Siku ya kwanza Rongai, Injinia alitukusanya uani akaagiza turubai na gunia la mahindi. Akaita watu sita washike kingo za turubai, kila mtu kwake, gunia likawekwa katikati. Akamwelekeza Bwana Salim aachie. Bwana Salim akaachia, turubai likainama upande ule, jirani yake wa kulia akaponyokwa, na wa kulia tena, na gunia likaenda chini na mahindi yakamwagika miguuni mwetu. Watu walicheka. Injinia hakucheka. Akapitisha kamba kwenye kingo zote za turubai, akaizungusha, akaikaza, akawaambia washike kamba badala ya kitambaa. "Aachie tena," akasema. Bwana Salim akaachia. Kamba ilikakamaa, waliobaki wakaguna, wakarudi hatua moja nyuma, lakini gunia likabaki linaning'inia. "Hiyo kamba ndiyo tunaenda kuweka," alisema Injinia. "Pleti za kuunganisha boriti na boriti, zipite kwenye nguzo bila kukatika. Na nyinyi kila nguzo muishuku. Iondoeni moja moja kwa akili, halafu mjiulize mzigo wake sasa umebebwa na nani." Nilipenda sana maneno hayo. Nilirudi mjini nikihisi kwamba hatimaye kuna mtu msomi amenipa ruhusa ya kuwa vile nilivyokuwa tayari.

Ramani za viungo zilikuwa nyingi na Injinia alizitaka upesi. Na hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitaeleza polepole. Nguzo ya tano na ya sita zilisimama kila moja upande wake wa lango, na ukizitazama ni kama kiatu cha kushoto na cha kulia. Sisi wanakili tulikuwa na njia ya mkato kwa vitu vya namna hiyo: unachora kimoja, unageuza karatasi ya chini, unapitisha mistari ileile upande wa pili, unaandika herufi, basi. Nilichora ya tano vizuri, pleti ikiwa upande wa ndani wa nguzo. Nikageuza karatasi, nikapata ya sita. Nikaandika herufi zangu nzuri, na pembeni chini, kwenye kisanduku cha aliyenakili, nikaweka W.N. Sikuifungua karatasi ya penseli ya nguzo ya sita yenyewe, kwa sababu nilijua ina nini. Ningeifungua, ningeona kwamba nyuma ya nguzo ya sita, upande wa ndani, kulikuwa na tundu la kupandishia magunia. Boriti ya upande ule ilikatwa hapo. Kilichobaki kilikuwa kipande kifupi cha chuma cha kuzungushia tundu, hakijashika kitu. Kwenye nguzo ile, na kwenye ile peke yake, Injinia alikuwa ameweka pleti upande wa barabara. Mimi niliiweka ndani, kwa orofa zote mbili. Kamba ya turubai ilikuwa imekatwa mahali palepale malori yalipopenda kugonga, na niliyeikata ni mimi, kwa mwandiko safi.

Wiki mbili hivi baadaye nilipelekwa Rongai kuhakikisha alama za rangi kwenye boriti. Ilikuwa saa ya chakula. Mafundi walikuwa nje chini ya kivuli cha lori, akina mama wa maharagwe wameshuka na sufuria zao. Nikapanda orofa ya pili kwa utulivu, sijui kwa nini kwa utulivu, na nikamkuta Bwana Salim peke yake kwenye nguzo ya sita. Pleti ilikuwa imefunguliwa, imeegemezwa ukutani, matundu yake yako wazi. Bakuli lake la bati lilikuwa sakafuni bila kifuniko na ndani yake hamkuwa na mkate. Mlikuwa na bolti.

Hakushtuka, na hilo lilinifanya nimshuku zaidi. Alifuta mikono kwenye tambara, akatoa nakala ya ramani mfukoni mwa shati, akaikunjua.

"Binti, samahani. Hii umeichora wewe mwenyewe?"

Nilikuwa nimeulizwa swali hilo na wanaume wengi mwaka ule, na kila mmoja alikuwa na maana moja. "Ni mimi. Kwani iko na shida?"

Alinitazama, kisha akatazama ngazi, ambako nyapara alikuwa anapanda akijichokonoa meno. Akaikunja ramani. "Haina shida. Mwandiko mzuri." Akafunika bakuli lake, akaliweka chini ya koti.

Kila kitu nilichokuwa nacho kichwani kilijipanga chenyewe. Bolti zinazopotea. Majembe ya Rongai. Iliki, vipande vya mkate, Kiswahili kile cha kukamilika. Yule aliyeombwa aachie turubai, na akaachia bila kusita. Nilifikiria akina mama wa maharagwe na watoto wao mgongoni, na nikajiona mwema sana. Nataka hilo lieleweke. Sikumchongea kwa chuki. Nilikwenda kwa Mistri jioni ileile nikiwa na hakika kwamba nawaokoa watu. Nilisema, "Kuna mtu anatoa bolti kwa nguzo ya sita." Akauliza, "Wewe umeona kwa macho?" Nikasema nimeona kwa macho, nikamtaja Bwana Salim na bakuli lake. Na nilikuwa nimeona kweli.

Kesho yake asubuhi nilikuwa dirishani. Mistri alimsimamisha Bwana Salim langoni, mbele ya watu wote, akamwambia afungue bakuli. Bolti zilimwagika kwenye saruji, zikabiringika mpaka chini ya mashine ya kukatia. Nilingoja ajitetee, maana mwizi hujitetea, na mtu asiye mwizi hujitetea zaidi. Alisema jambo moja tu, na nililisikia wazi. "Mistri, mimi nitakwenda. Lakini nakuomba, nguzo ya sita orofa ya kwanza iacheni kama nilivyoifunga."

"Kwa nini? Umeficha nini huko?"

Bwana Salim akainua macho. Hakunitafuta kwa hasira. Alinitazama jinsi unavyotazama saa kuona imefika ngapi. Kisha akamjibu Mistri, "Sikuficha kitu," akachukua bakuli tupu, akatoka. Mistri, ambaye sasa alikuwa na hakika kwamba ile nguzo ya orofa ya kwanza ina siri, alituma watu mchana uleule waifungue wairudishe kama ramani inavyosema. Na wakairudisha, pleti ndani, imefungwa kwenye kipande kisichoshika kitu, sawasawa na ramani yangu.

Niligundua baada ya siku nne. Injinia alitaka nakala safi za nguzo zote kwa ajili ya wenye ghala, nami safari hii nilikuwa na nafasi, kwa hiyo nilifungua kila karatasi yake ya penseli. Nilipofika ya sita nilidhani nimeshika isiyo yake. Niliigeuza. Nikaigeuza tena. Tundu la magunia lilikuwa pale, limechorwa, limeandikwa. Nilikaa kwenye stuli nikasikia mafundi chini wakimcheka Bwana Salim, jinsi bolti zilivyobiringika, na mmoja akasema alijua siku zote kwamba mtu mpole vile ana jambo. Niliona jina la yule kijana kwenye mguu wa meza. Nikaelewa kwamba Bwana Salim alikuwa ameiona ile pleti haishiki kitu, akaihamisha ya orofa ya kwanza akiwa peke yake saa za chakula, akaanza ya pili, na bolti za pleti aliyoifungua alizibeba ili azifungie tena, kwa sababu Mistri hangempa nyingine bila kuuliza za nini. Angejibu, stuli yangu ingebaki tupu kabla ya jioni. Alijaribu kuniambia mimi, na nilimjibu kwa ukali.

Nilichora upya. Nilichora kiungo kile vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora, nikaandika juu yake kwamba ni marekebisho, nikakisukuma katikati ya karatasi kumi na mbili ambazo Injinia alikuwa anatia sahihi akiwa amesimama, gari lake likiunguruma uani. Akatia sahihi zote. Mistri aligomba kwamba Injinia hajui anachotaka, ndani, nje, ndani, nje, lakini ramani ni ramani. Mafundi walihamisha pleti upande wa barabara katika orofa zote mbili. Hakuna aliyemkumbuka aliyekuwa ameiweka pale mwanzo, au kama alikumbuka, alinyamaza kama mimi. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Kulikuwa na ngazi moja tu kati yangu na Mistri. Nilikuwa muoga. Nimetafuta neno lingine kwa miaka yote hii na sijalipata.

Mwaka haujaisha, lori la mahindi lilikatika breki kwenye mteremko wa kuingilia likaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya sita. Liliing'oa chini kabisa. Nilifika na Injinia saa mbili baadaye, nikaona nguzo imelala juu ya bodi ya lori, na juu yake boriti ya barabara imeinama, kiasi cha shubiri, pleti zake zimekakamaa kutoka ya tano kwenda ya saba. Imeinama na imesimama. Akina mama walikuwa wameteremshwa wote, wameketi kwenye nyasi, wengine wanalia, wengine wanagombana juu ya maharagwe yaliyomwagika. Hakuna aliyekwaruzwa isipokuwa dereva. Injinia alitembea chini ya boriti ile akiigusa kwa kidole, na aliporudi macho yalikuwa na maji. Akanishika mkono mbele ya watu wote akasema kiungo hiki kimechorwa vizuri. Mistri, ambaye hajawahi kunisifu, alinitumia kasha la jalebi kutoka kwa mke wake. Nilizila zote peke yangu chumbani, moja baada ya nyingine, na sikusikia utamu wa hata moja.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo Bondeni Jumamosi ile, magoti yangu na yote. Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne kuzunguka ua mdogo, mikeka imetandikwa, wanaume nje, wanawake ndani, na pilau inanukia mpaka barabarani. Nilikaribishwa vizuri mno, na nikashuku. Zuhura alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mwalimu mstaafu, macho ya baba yake. Alinikalisha karibu naye, akanisimulia bila kuulizwa. Baba yake hakupata tena kazi ya karakana. Habari za bakuli zilimtangulia kila alipobisha. Mama akaanza kukaanga mahamri na kuyauza stesheni. Kaka yao mkubwa, Athman, aliyekuwa na akili kuliko wote, aliacha shule akaenda kupakia mizigo kwenye mabehewa. Athman ndiye aliyemsomesha yeye. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, akinyoosha ncha ya mkeka kwa kidole. Mimi nilikuwa nasikia sauti ya Injinia uani Rongai ikiuliza mzigo umebebwa na nani.

Wenzangu kwenye mkeka walikuwa wanapewa chai. Zuhura aliinuka, akaingia chumba cha ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imekatika kwenye mikunjo na kugandishwa kwa nyuma. Akaitandaza magotini mwangu. Mistari ilikuwa imefifia lakini niliijua kabla sijavaa miwani. Nguzo ya sita. Juu yake kulikuwa na mshale mmoja wa penseli, mdogo, wa adabu, kutoka upande wa ndani kwenda wa barabara. Na ukingoni kote, kwenye kila nafasi nyeupe, kulikuwa na herufi kubwa za mikono ya watoto, A na B na N, zimepinda, zikiiga zangu.

"Sisi sote tulijifunza kuandika hapa," alisema Zuhura. "Baba alikuwa anatuambia hajaona mwandiko kama huu. Hizi W.N. ni za nani, unajua?"

Ningeweza kusema sijui. Nilishasema kwa kunyamaza maisha yangu yote, na mara moja zaidi isingenitoa jasho. Nikavua miwani. Nikasema ni zangu, mimi ni Wambui wa Njoroge. Nikasema ramani hii ina kosa na kosa ni langu, mshale ule ndio ukweli, baba yenu hakuiba kitu, alikuwa anarekebisha kazi yangu ili nisifukuzwe, na aliyekwenda kwa Mistri kumsema ni mimi, na nilipojua nilinyamaza. Nilisema kwa sauti. Wanawake waliokuwa wakiongea waligeuka. Kwenye mlango wa ua alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye mabega ya mpakia mizigo, na sikuhitaji kuambiwa ni Athman.

Zuhura aliikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, polepole, mpaka ikawa ndogo kama kiganja.

"Tunajua," akasema. "Baba alitueleza zamani. Alisema usije ukasumbuliwa, mpaka yeye mwenyewe awe hayupo." Akamtazama kaka yake mlangoni, kisha mimi. "Kila mgeni leo tumempa chai kwanza. Wewe tulikupa karatasi. Athman alisema hutasema ukweli."

Athman aliondoka mlangoni, akarudi amebeba sinia la pilau, akaliweka chini mbele yangu kwa mikono miwili, taratibu, jinsi mtu aliyebeba vitu vizito maisha yake yote anavyoweka kitu chini.

"Kula, mama," akasema. "Umetoka mbali."